Bandama

Wiki ya tatu ya mafunzo, Bausher, chumba kisicho na dirisha.
Nje jua la Julai linakaanga magari;
ndani tumevaa sweta, sisi wanne,
na Daktari Bahija anatufundisha haraka.

Rubidi haina subira, anasema.
Sekunde sabini na tano, nusu yake imekwenda.
Ukipiga chafya umeikosa.
Itoke mtamboni, ipite mshipani,
ifike kwenye nyama ya moyo, itwambie
damu imepita kiasi gani, kisha ife zake.
Muadh, mtu wa Sur, akauliza inafia wapi.
Hakujibiwa.

Mgonjwa wa saa nne: Zahran bin Khalfan,
miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Samail.
Aliposikia jina la ukoo wangu
alikiacha Kiarabu mlangoni pamoja na makubadhi yake.
"Umefunga kahawa tangu jana?"
nikamwuliza, kama karatasi inavyouliza.
"Nimefunga, mwanangu. Na chai.
Hata chokoleti za mjukuu nimezitazama tu."
Tukamwingiza kwenye tundu la mashine, mikono juu ya kichwa,
kama mtu aliyesalimu amri.

Moyo ukiwa umepumzika: nukta nane.
Tukampa adenosini, dawa ya kuudanganya moyo
kwamba unapanda Jabal Akhdar, na mwenyewe kalala chali.
Tukangoja damu ifurike.
Nukta tisa.

Nikaikodolea ile ramani ya duara, ncha ya moyo katikati,
rangi sawasawa pande zote, hakuna doa.
Nami nilikuwa nimesoma. Nilijua
njaa ikigawanywa sawa haionekani kwenye picha,
huonekana kwenye hesabu.
Nikasema, sauti imenyooka mno:
"Mishipa yote mitatu. Apelekwe katheta leo leo."
Rekha akaandika. Muadh akaguna.

Daktari Bahija hakuutazama moyo.
Kidole chake kilishuka, kikatoka nje ya duara,
kikatua chini ya mbavu za kushoto,
pale nilipokwisha kuamua kuwa hapanihusu.
"Na hili je?"

Bandama.

"Dawa ikifanya kazi, bandama huzimika.
Hili linawaka kama taa ya baraza.
Nenda kamwulize tena.
Na safari hii usiulize kama karatasi."

Nikamkuta anafunga vifungo vya kanzu.
Nikakaa. Nikamwuliza usiku alilala wapi.
"Matangani, Fanja. Mwenzangu tangu skuli.
Nimetoka huko baada ya alfajiri."
Nikanyamaza.
"Walinipa kikombe. Kikombe cha matanga utakikataaje?
Anayemimina ni mwanawe marehemu, macho mekundu.
Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina.
Cha tatu ndipo mkono ulipokumbuka kutikisika."
Akanionyesha: vidole vitatu
vimeshika kikombe ambacho hakipo, mtikiso mdogo.
"Nikaona haya kukwambia.
Sikujua kama kuna kitu humu ndani kitanisemea."

Sikumwambia kwamba dakika kumi nyuma
nilikwisha kumlaza meza ya katheta
kwa vikombe vitatu.

Alirudi Jumatatu.
Nukta nane; kisha mbili nukta moja.
Bandama, giza.
Ukuta wa chini una kidoa, cha kutibiwa kwa vidonge
na kwa maneno makali kuhusu samli.
Muadh alitaka kupiga makofi; Daktari Bahija akamkazia jicho,
rubidi ya mgonjwa wa pili ilikwisha kutoka mtamboni.

Siku hizi nikisoma picha naanzia chini,
kule pasipoulizwa, kisha napanda kwenye moyo.
Na Ijumaa iliyopita, matangani kwa shangazi,
kikombe kikizunguka toka mkono hadi mkono,
nilijikuta nimeacha kusikiliza dua,
nawatazama wazee mmoja mmoja:
nani katikisa,
nani bado.